Skana ya Ofisi Si ya Bosi

Wasee, leo niacheni niongelee kitu ambacho hakina mvuto hata kidogo. Si mapenzi, si beti, si siasa za 2027. Ni skana. Ile mashine ya ofisini inayomeza karatasi huku na kutoa PDF kule. Najua kidole chako kishaanza kupanda uende posti ingine. Tulia kidogo. Hii skana ilimnyima mtoto wa mtu karo, na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo nikiangalia.

Mimi ni wa Ogwedhi. Kama hujui Ogwedhi, ni kule ndani kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Narok, soko ambalo Mjaluo na Mmaasai wanajuana kwa majina. Ukitoka huko kuja mjini kutafuta huduma, siku yako imeisha. Unaamka giza, unapanda boda, unatafuta matatu, unafika ofisini na vumbi hadi kwa nyusi. Halafu mtu aliyeketi kwa kiti cha kuzunguka anakwambia: "Rudi kesho."

Basi nilikuwa atachi katika ofisi moja ya umma. Sitaitaja. Sitaki kesi, na hata hivyo ofisi yenyewe si ya ajabu. Ukiingia ofisi kumi katika hii nchi utaipata hiyo hiyo mara saba. Idara ilikuwa na watu kumi na mmoja, kompyuta sita, kalenda nne za benki, na skana moja. Skana ya maana kabisa. Ile yenye trei ya juu, unaweka karatasi thelathini, unabonyeza, inajivutia yenyewe moja moja. Na nyuma yake ilikuwa na tundu la waya wa mtandao, yaani ilitengenezwa kiwandani ikijua itahudumia watu wengi.

Ilikuwa wapi? Ndani ya ofisi ya mdosi. Imechomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta yake. Mlango una kufuli. Ufunguo uko kwa mfuko wake wa suruali. Na suruali, wiki hiyo, ilikuwa semina Naivasha.

Ijumaa moja akaja mama mmoja, wa kwetu kabisa, Ogwedhi. Ana bahasha ya kaki iliyokunjwa vizuri ndani ya leso. Alikuwa anaomba basari ya kijana wake. Fomu, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya chifu, ripoti ya shule, cheti cha kifo cha mume wake. Karatasi kumi na nne. Zilitakiwa zitumwe kwa barua pepe kabla ya saa kumi na moja jioni. Karani akamwambia kile ambacho tulikuwa tunawaambia wote: "Mama, enda saiba hapo mbele, wakuskanie, urudi."

Saiba ni mbao kwa ukurasa. Piga hesabu: kurasa kumi na nne ni shilingi 280. Hiyo ni nauli yake ya kurudi. Akaenda tu. Baada ya nusu saa akarudi na bahasha vile ilikuwa. Stima ilikuwa imepotea upande ule wote wa mji.

Sasa skia kichekesho. Ofisi yetu ilikuwa na jenereta. Ilikuwa inanguruma hapo nje. Ukipiga jicho kwenye kioo cha mlango wa mdosi ulikuwa unaiona skana, taa yake ndogo ya kijani inawaka, imelala kama paka aliyeshiba. Mita nne kutoka kwa huyo mama.

Akaniuliza, kwa upole tu, bila hasira: "Nyathina, kwani hiyo mashine inakula nini mkiitumia?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Nilitoa simu yangu nikapiga picha zile karatasi moja moja juu ya kaunta, nikazituma. Jumatatu tukajibiwa: kurasa tatu hazisomeki, tuma upya. Kufikia wakati huo dirisha la maombi lilikuwa limefungwa. Kijana akangoja awamu ifuatayo. Wewe unayejua kungoja karo ni nini, unajua "awamu ifuatayo" inamaanisha umekaa nyumbani unachunga ng'ombe huku wenzako wakimaliza silabasi.

Kwa hivyo usiniambie skana ni kitu kidogo.

VISINGIZIO

Nimesikia sababu zote za kufungia skana. Wacha nizipange hapa, kila moja nitaipa haki yake.

Ya kwanza: "Ni mali ya serikali, ikiharibika ni mimi nalipa." Mdosi aliniambia hivyo usoni, na nitasema ukweli, hakuwa anadanganya. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye rejista ya mali. Alitia sahihi. Mashine ikipotea, mkaguzi atamwita yeye, si mimi atachi wa miezi mitatu. Hofu yake naielewa. Lakini angalia hii hofu imempeleka wapi: analinda mashine isitumike ili isiharibike. Hiyo ni sawa na kununua gari la wagonjwa na kuliegesha ili matairi yasiishe. Mkaguzi akija atapata skana mpya kabisa, na kijiji kizima hakijahudumiwa. Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 232, inaorodhesha maadili ya utumishi wa umma, na mojawapo ni kutumia rasilimali kwa ufanisi na bila ubadhirifu. Kitu kilichonunuliwa kwa pesa ya umma halafu kikafungiwa ni ubadhirifu. Haujalishi hata kama hakuna mtu ameiba.

Ya pili: "Hiyo skana haiwezi kutumika na watu wengi." Hapa ndipo watu wengi wanadanganywa kwa sababu hawajui mashine. Ni kweli Windows ina hii tabia: printa iliyochomekwa kwa USB unaweza kuigawa kwa kompyuta zingine kwenye mtandao, lakini skana huwezi kuigawa kwa njia hiyo. Kwa hivyo mtu anajaribu, inakataa, anatangaza kwamba haiwezekani, na hiyo inakuwa sheria ya ofisi miaka mitano. Lakini dawa ipo. Kama skana ina tundu la mtandao au waifai, unaitoa kwenye kompyuta ya mtu mmoja na kuiunganisha moja kwa moja na ruta ya ofisi. Hapo inakuwa na anwani yake, haimtegemei mtu. Kompyuta ya bosi ikizimwa, skana bado inafanya kazi. Na hata ile ya USB pekee bado ina njia: unachukua kompyuta kuukuu iliyotupwa stoo, unaiwekea Linux, ambayo ina programu ya bure inaitwa SANE, na hiyo kompyuta inakuwa mtumishi wa skana kwa ofisi nzima. Gharama yake ni mchana mmoja wa atachi mwenye kiu ya kujifunza.

Ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo wanaitoa wakiona umeshinda zile mbili: "Usalama. Hizi ni karatasi za siri."

Hapa nilitaka kucheka, halafu nikakumbuka kitu, kicheko kikaisha.

Miezi mitatu baada ya ile Ijumaa nilikuwa natafuta picha ya bash fulani kwenye simu yangu. Nikapandisha, nikapandisha, nikafika kwenye kitambulisho cha yule mama. Kisha cheti cha kifo cha mume wake. Karatasi zote kumi na nne, katikati ya selfi zangu na mimi za kuchekesha. Zilikuwa kwenye simu, na zilikuwa zimejihifadhi zenyewe kwenye akaunti yangu ya intaneti. Simu hiyo nilikuwa nimeipeana kwa marafiki wacheze gemu. Simu hiyo nilikuwa nimeipeleka kwa fundi abadilishe kioo. Nilizifuta siku hiyo hiyo. Lakini miezi mitatu ni miezi mitatu.

Hiyo ndiyo siri yenyewe. Kufuli ya mdosi haikulinda karatasi za mama. Ilizifukuza nje. Ilizipeleka saiba, ambako faili yako inabaki kwenye desktopu pamoja na za watu mia, iliyoandikwa "scan 0047", na yeyote anayekuja baada yako anaweza kuifungua. Ikizikosa saiba, zinakuja kwenye simu ya atachi. Kwenye WhatsApp ya karani. Halafu tunashangaa vile watu wanapata ujumbe wa mkopo ambao hawakuomba, au laini ya simu imesajiliwa kwa kitambulisho chao. Data zetu zinatoka mlango wa mbele kila siku kwa sababu skana ilifungiwa mlango wa nyuma.

"SI MTUMIE SIMU TU?"

Najua kuna mtu ashaandika hivyo hapo chini. Gen Z mwenzangu, nakupenda, lakini skia.

Kwanza, si kila mtu ana simu yako. Yule mama alikuwa na kabambe yenye raba kwenye vifungo. Ukijenga huduma juu ya simu janja, umemwambia akae nyumbani.

Pili, hizo programu za kuskani kwa simu si malaika. CamScanner, ambayo nusu yetu tumeitumia, ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara milioni 100 kwenye Android wakati Kaspersky walipogundua, Agosti 2019, kwamba ndani yake kulikuwa na kipande cha programu hasidi kilichoingia kupitia matangazo. Google wakaitoa kwenye duka lao hadi iliposafishwa. Wale wote walikuwa wanaskani nini? Vitambulisho. Mikataba. Stetimenti za benki. Sisemi usitumie simu kabisa kabisa. Nasema ofisi ya umma isikusukume huko kwa sababu mtu hataki kuinuka afungue mlango.

Tatu, picha ya simu ni picha. Ina kivuli cha kichwa chako, imepinda, mwanga umechoma katikati. Kurasa tatu hazisomeki, tuma upya. Unakumbuka?

NA MIMI PIA NILIKOSEA

Kama ningeishia hapa ningekuwa nimewapa hadithi tamu ya shujaa na mdosi mbaya. Haikuwa hivyo.

Mdosi alibadilika, na si kwa sababu ya hotuba yangu. Alikuwa Kisumu siku moja, wakubwa wa Nairobi wakataka barua fulani yenye sahihi, iskaniwe na itumwe ndani ya saa moja. Barua iko kwa meza. Skana iko kwa meza. Ufunguo uko Kisumu. Alipiga simu mara sita. Mara ya sita sauti ilikuwa imepungua ukali. Aliporudi akaniita: "Kijana, ulisema unaweza kuiunganisha hiyo kitu?"

Niliruka kama mtu ameitwa timu ya taifa. Nikatoa waya wa USB, nikachomeka wa mtandao, nikaitengenezea folda kwenye kompyuta ya karani. Ilikataa. Nikahangaika karibu siku mbili. Baadaye nikaelewa: mashine za zamani hutuma faili kwa lugha ya kizamani iitwayo SMB1, na Windows za karibuni haziiwashi tena, hasa baada ya kile kirusi cha WannaCry kupita kwenye tundu la hiyo lugha Mei 2017 na kufunga kompyuta dunia nzima, hadi hospitali za Uingereza. Kuna video nyingi zinakwambia "washa tu SMB1, itafanya kazi." Usiwashe. Unafungua dirisha ili paka aingie, anaingia na nyoka. Nilisasisha programu ya ndani ya skana yenyewe, ikajifunza lugha mpya, ikakubali.

Furaha yote hiyo ikanifanya nifanye ujinga. Nilitengeneza folda moja. Jina: SKANI. Iko wazi kwa kompyuta zote, haina nywila. Kila mtu akiskani kitu kinaangukia humo. Nikapigiwa makofi. Nilinunuliwa chai na mandazi mbili.

Siku ya nne, mmoja wa wenzetu, mama mtu mzima ambaye tulikuwa tunamwita Auntie, aliskani ripoti yake ya hospitali ili aombe likizo ya matibabu. Ikaangukia SKANI. Kufikia saa saba mchana idara nzima ilikuwa inajua anaumwa nini. Hakuna aliyesema kitu. Walikuwa wanamwangalia tu, kwa ile huruma ya kuchoma. Alielewa saa tisa. Akachukua mkoba akaenda nyumbani.

Nilimwomba msamaha kesho yake. Alinijibu sentensi moja: "Mlifungua mlango, mkasahau mimi niko ndani." Hakuongea na mimi wiki nzima, na alikuwa na haki.

Kwa hivyo wale wa "usalama" hawakuwa wamekosea kila kitu. Walikosea dawa. Ugonjwa upo.

KINU NI CHA WOTE, UNGA NI WA KILA MTU

Jibu lilinijia nikiwa nyumbani wikendi. Nilitumwa posho mili, nikapanga foleni na debe letu la mahindi. Nikaangalia vile kitu kinaendeshwa. Mashine ni moja. Kijiji chote kinasagia hapo. Kila mtu anakuja na debe lake, mahindi yake yanaingia, unga wake unatoka, anafunga gunia lake anaenda. Hakuna mtu anasema "kwa kuwa kinu ni chetu sote, basi na unga tuumwage pamoja sakafuni." Na hakuna mwenye mili anayesema "nafunga mili ili unga wenu uwe salama."

Hiyo tu. Mambo mawili ambayo ofisi zetu zinachanganya kila siku: mashine na kile kinachopita ndani yake. Mashine ni ya wote. Karatasi ni ya mwenyewe. Mdosi alifungia vyote viwili. Mimi nikafungua vyote viwili. Sisi wote tulikuwa hatujaenda posho mili kwa macho.

Jumatatu nikarudi nikapanga upya, na hii ndiyo sehemu unaweza kuiba ukaipeleka ofisini kwenu.

Kila mfanyakazi akapata folda yake, na nywila yake. Kwenye kioo cha skana kuna majina kumi na moja, unabonyeza lako, faili inaenda kwako peke yako. Karatasi za wananchi zikapata folda tofauti, inayofunguliwa na wale wawili tu wanaoshughulikia maombi, na kila faili inaandikwa kwa namba ya ombi, si jina la mtu. Kila Ijumaa jioni kilichokwisha kazi kinahamishwa kwenye kumbukumbu rasmi au kinafutwa. Skana yenyewe ikahamia koridoni, mahali kila mtu anaiona, kwa sababu kitu kinacholindwa na macho kumi na moja kinalindwa vizuri kuliko kilicho nyuma ya kufuli moja. Juu yake daftari na kalamu: nani, saa ngapi, kurasa ngapi. Hilo daftari ndilo lilimtuliza mdosi. Sasa kama mashine imeharibika, anajua nani aliigusa mwisho.

Tukaweka pia sheria mbili za mkono. Toa pini zote za stepla kabla ya kuweka karatasi, maana pini moja inaweza kukwaruza kioo na kila ukurasa utatoka na mstari mweusi. Na usiskani barua ya maneno matupu kwa rangi. Ukurasa mmoja wa A4 kwa nukta 300 kila inchi una pikseli karibu milioni 8.7. Ukichukua rangi kamili bila kubana, hiyo ni takriban MB 26. Nyeusi na nyeupe ni kama MB 1. Ndiyo maana faili yenu inakataliwa kwenye tovuti halafu mnalaumu intaneti.

Na siku mashine itakapozeeka, kumbukeni tumbo lake. Nyingi za hizi mashine kubwa za kuskani na kutoa kopi zina diski ndani inayohifadhi picha za kurasa. Marekani mwaka 2010, waandishi wa CBS walinunua mashine za kopi zilizotumika na wakakuta ndani rekodi za wagonjwa. Kampuni moja ya bima ya afya, Affinity Health Plan, ilikuwa imerudisha mashine ya kukodi bila kusafisha diski. Mwaka 2013 ilikubali kulipa dola 1,215,780, na watu walioguswa walikadiriwa kufika 344,579. Mashine ilikuwa imekaa kimya tu kona ya ofisi, kama yetu.

GAVA, HII NI YENU

Tarehe 30 Juni 2023 serikali ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kwenye eCitizen, wakaiita Gava Mkononi. Tumeahidiwa vituo vya kidijitali 1,450, kimoja kwa kila wadi. Sawa. Mimi si mpinzani wa hayo, nayataka yafike Ogwedhi jana. Lakini dijitali haianzii Nairobi kwenye jukwaa lenye taa. Inaanzia pale karatasi ya mama inapogeuka faili. Ikikwama hapo, hizo huduma 5,000 ni mapambo. Unaweza kuchimbia nyaya nchi nzima, na safari yote ikaishia mita nne kutoka kwa kaunta, mbele ya mlango uliofungwa.

Na sheria haimsaidii anayefungia, wala haimsaidii anayemwaga. Kifungu cha 31 cha Katiba kinakupa haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka usalama wa data upangwe tangu mwanzo, kwenye mpango wenyewe wa kazi, si kubandikwa baadaye. Na data ikivuja kiasi cha kumweka mtu hatarini, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Msidhani ni maneno tu: Septemba 2023 ofisi ya huyo Kamishna ilitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto hadharani bila idhini ya wazazi. Picha tu. Sasa fikiria cheti cha kifo, kitambulisho na ripoti ya hospitali kwenye folda inaitwa SKANI.

Kwa hivyo nasema hivi, na mdosi yeyote anayesoma asikasirike, afungue tu.

Kama ofisi yako ina skana moja na imefungiwa, hiyo si nidhamu, ni umiliki wa kujipa. Itoe. Iunganishe. Mpe kila mtu debe lake. Mwananchi akileta karatasi, iskaniwe hapo hapo, bure, arudi nyumbani na nauli yake.

Na kama wewe ni atachi, intani, karani mpya, usikae hapo miezi mitatu ukipika chai na kutumwa smokie. Uliza swali la yule mama. Uliza kwa heshima, lakini uliza mara ya pili na ya tatu: hii mashine inakula nini tukiitumia? Halafu ukipewa ruhusa, usikimbilie makofi kama mimi. Fikiria kwanza Auntie ambaye karatasi yake itapita humo.

Kesho sisi ndio tutakuwa na hizo ofisi. Sisi tunaowacheka hawa wazee, tutapewa kiti cha kuzunguka na ufunguo, na jina letu litaandikwa kwenye rejista ya mali. Siku hiyo utajua kama ulikuwa na hasira ya haki au ulikuwa unangoja tu zamu yako ya kufunga mlango.

Nilipomaliza atachi, yule mama alikuja tena, awamu ifuatayo. Karatasi kumi na nne, leso ile ile. Niliziweka kwenye trei, nikabonyeza. Dakika moja haikuisha. Akaangalia mashine, akaniangalia mimi.

"Ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu, Mama.

Haya, nyinyi. Ofisini kwenu skana iko wapi, na ufunguo uko na nani? Andikeni hapo chini. Msitaje majina, tajeni umbali tu kutoka kwa kaunta. Yetu ilikuwa mita nne.